Masters ya uhandisi ukiwa Dodoma: kozi na tasnifu, au tasnifu tupu?

Fomu ya udahili ina kisanduku kimoja ambacho waombaji wengi hukijaza harakaharaka: utasoma kwa kozi na tasnifu, au kwa tasnifu tupu? Shahada ni ileile, joho ni lilelile, na waajiri wengi hawaulizi ulipitia mlango gani. Lakini njia hizi mbili hula muda kwa namna tofauti kabisa, na kila moja ina mahali pake pa kumkwamisha mtu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mhandisi mwajiriwa anayesoma huku akifanya kazi Dodoma, kozi na tasnifu ndiyo salama kwake, labda awe tayari na njia ya uhakika ya kupata data na awe na msimamizi anayeshughulika na tatizo hilohilo. Vyote viwili. Kimoja bila kingine hakitoshi, na tutaona kwa nini.

Hesabu ya saa

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaiweka shahada ya uzamili (masters) ngazi ya 9 ya mfumo wake wa sifa na inataka isipungue krediti 180. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na humo kila kitu kinahesabiwa: kipindi darasani, maabara, kazi ya kikundi, kusoma usiku, hata saa za mtihani wenyewe. Kwa hiyo ukichukua njia yoyote ile, unaingia deni la saa 1,800.

Chukua mtaala wa mfano wenye krediti 120 za kozi na 60 za tasnifu. Kozi zikiwa za krediti 12 kila moja, zinakuwa kozi 10, yaani 5 kwa muhula. Kozi 5 ni krediti 60, sawa na saa 600. Zigawanye kwa muhula wa wiki 16 upate saa 37.5 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya pili ya kudumu. Ndiyo maana mwajiriwa anayejisajili kozi zote 5 kwa sababu "wenzangu wote wamechukua 5" huanza kukosa majaribio ya kati kufikia wiki ya saba au ya nane. Akichukua 3, anashuka hadi saa 22.5 kwa wiki: bado nzito, lakini inabebeka, kama programu yake inaruhusu kusoma kwa muda wa ziada (part-time). Hilo uliulize kabla ya kulipa ada, maana si kila programu inaruhusu.

Kisha tasnifu, saa 600. Ukiipa saa 12 kwa wiki ni wiki 50, karibu mwaka mzima. Anayesema "nikimaliza mitihani, tasnifu ni miezi mitatu tu" anajiahidi saa 46 kila wiki kwa wiki 13, tena bila kuhesabu siku za kusubiri barua na saini. Kwa tasnifu tupu, saa zote 1,800 ni zako: kwa saa 15 za wiki unahitaji wiki 120, zaidi ya miaka miwili na robo bila likizo hata moja.

| | Kozi na tasnifu | Tasnifu tupu |
|---|---|---|
| Anayekushikia ratiba | Vipindi, majaribio, mitihani | Wewe mwenyewe na msimamizi |
| Unapokwama zaidi | Kati ya mtihani wa mwisho na kupitishwa kwa propozo (andiko la utafiti) | Kati ya propozo na data |
| GPA (wastani wa alama) mwishoni | Ipo | Kwa kawaida hakuna, ni kufaulu au kutofaulu |
| Unachohitaji siku ya kuomba | Shahada ya kwanza yenye sifa | Hiyo, pamoja na andiko la utafiti na msimamizi aliyekubali |
| Anayehama fani | Inamfaa | Haimfai |

Sifa ya kuingia ambayo utaikuta sana ni GPA ya 2.7 kwenye mfumo wa 5, yaani mwanzo wa daraja la pili la chini. Mwenye shahada ya nje ya nchi apeleke vyeti TCU vitambuliwe kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Kozi: hatari iko kwenye za hiari

Kozi za lazima hazina mjadala: mbinu za utafiti, hisabati za kihandisi au mbinu za namba, na mbili tatu za fani yenyewe. Kosa hutokea kwenye za hiari. Prospekta (kitabu cha programu za chuo) inaweza kuorodhesha kozi nane za hiari, lakini zinazofundishwa kweli mwaka huo zikawa tatu, kwa sababu mwalimu yuko masomoni au waliojisajili ni wawili tu. Swali la kumuuliza mratibu wa programu ni hili: "Kati ya hizi, zipi zimefundishwa miaka miwili iliyopita?" Jibu lake lina thamani kuliko prospekta nzima.

Chagua za hiari kwa kuitazama tasnifu. Anayetaka kuandika kuhusu maji ya ardhini, akaacha kozi ya haidrolojia ya maji ya ardhini ili achukue ya usimamizi wa miradi kwa sababu "inapasika", atalipia mwaka wa pili. Atajifunza programu ya kuigiza mtiririko wa maji peke yake, usiku, bila mtu wa kumkagua. Alama aliyoiokoa kwenye kozi anakuja kuipoteza kwenye tasnifu.

Na hiyo "kupasika" ina kipimo kingine huku juu. Shahada ya kwanza C inakuvusha. Kwenye uzamili kizingiti cha kawaida ni B. Mtu aliyezoea kuishi kwa C za hisabati anajikuta na sapu (mtihani wa marudio) muhula wa kwanza. Soma kanuni za mitihani za chuo chako sehemu mbili: sapu ngapi zinaruhusiwa kabla ya kuondolewa masomoni, na alama ya juu unayoweza kupewa kwenye sapu. Mara nyingi sapu hukupa B hata kama umeandika mtihani wa A, na hilo linaivuta GPA chini moja kwa moja.

GPA yenyewe ni muhimu kwa nani? Kwa anayewaza kufundisha chuo kikuu. Matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi huandika GPA isiyopungua 4.0 kwenye masters na 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Aliyesoma kwa tasnifu tupu hana GPA ya kuonyesha, hivyo asome tangazo neno kwa neno aone watu wa njia yake wanapimwaje. Hili ndilo jambo linalowashtua wengi baada ya kuhitimu, na lingejulikana kwa dakika tano za kusoma matangazo mawili matatu ya ajira kabla ya kuomba chuo.

Tasnifu tupu: uhuru wenye bei

Njia hii inavutia watu wa ofisini kwa sababu haina vipindi. Anayetoka ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa 9:30 alasiri anaweza kuwahi darasa la jioni. Anayesimamia saiti ya barabara nje ya mji hana uhakika huo, na kwake tasnifu tupu inaonekana kama wokovu. Inaweza kuwa hivyo kweli. Tatizo ni kwamba kazi isiyo na tarehe hushindwa na kila kazi yenye tarehe: hati ya malipo ya mkandarasi, ziara ya kiongozi, bajeti ya robo mwaka. Mitihani, pamoja na karaha yake yote, humlazimisha mkuu wa idara akupe ruhusa, kwa kuwa kuna ratiba yenye mhuri. Propozo haina mhuri.

Tena "tupu" si tupu kabisa. Vyuo vingi hukutaka uhudhurie mbinu za utafiti, utoe semina idarani, na ujaze taarifa ya maendeleo kila kipindi, yenye saini ya msimamizi. Taarifa hizo watu huziona karatasi za kawaida tu. Siku unapoomba kuongezewa muda, faili lako ndilo linalosomwa, na faili lisilo na taarifa linasomeka kama la mtu aliyeacha masomo.

Inamfaa nani, basi? Mtu aliye ndani ya mradi unaozalisha data wenyewe. Mhandisi wa mamlaka ya maji mwenye rekodi za pampu za miaka kadhaa na kibali cha mwajiri kuzitumia. Mtu wa maabara ya vifaa vya ujenzi anayepima udongo kila siku. Mwalimu msaidizi aliyeko kwenye mradi wa utafiti wenye fedha. Hao wakae nayo. Anayesema "nitatafuta mada nikishaingia", hapana.

Data ya Dodoma haingoji

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapotengana kweli, kwa sababu ya kalenda.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupata takriban milimita 550 hadi 600. Mwaka wa masomo nao huanza karibu na Oktoba au Novemba. Mwanafunzi wa uhandisi wa maji au wa barabara anayetaka kupima mtiririko wa mvua mitaroni, mmomonyoko, au ujazo wa bwawa, ana dirisha la miezi mitano. Akichelewa kidogo anasubiri miezi saba.

Wa kozi na tasnifu hupita msimu wa kwanza akiwa darasani. Msimu wake ni wa pili, na ili aukute, propozo iwe imepitishwa na vifaa vimeshafungwa kabla Novemba haijaisha. Hesabu kurudi nyuma: kufunga na kujaribu vifaa, wiki tatu, barua na vibali, wiki nne hadi sita, masahihisho baada ya kuwasilisha mbele ya jopo la idara, wiki mbili hadi nne. Maana yake propozo iwe mbele ya jopo kufikia Agosti, na kuandikwa ianze Mei, muhula wa pili ukiwa bado unaendelea. Anayesubiri matokeo ya mitihani ndipo aanze kufikiria mada anafika jopo Desemba, anapata kibali Februari, na kufikia hapo nusu ya mvua imeshapita. Anabaki na chaguo mbili mbaya: kutumia nusu msimu na kuulizwa na mtahini, au kuongeza mwaka.

Wa tasnifu tupu aliyeingia Novemba hawezi kuutumia msimu wa kwanza kwa vipimo rasmi, ila anaweza kuutumia kwa majaribio: kuona mtaro upi unajaa, kifaa kipi kinaibwa, wapi mtandao wa simu haushiki. Msimu wa pili anapima. Wa tatu, akiwa bado yupo, unakuwa akiba. Kwa utafiti unaotaka misimu miwili ya mvua, njia hii ndiyo pekee yenye nafasi ya kutosha, na hapo tunaipendekeza bila kusita.

Maabara nayo ina kalenda yake. Tuseme unalinganisha michanganyiko 5 ya zege, unaponda kyubu (michemraba ya zege ya kupima nguvu) siku ya 7, ya 28 na ya 90, kyubu 3 kila mara. Hizo ni kyubu 45. Kyubu ya milimita 150 ina ujazo wa lita 3.375 na uzito wa kama kilo 8, kwa hiyo unahitaji lita 152 za zege, kama kilo 365 kabla ya kuongeza asilimia 10 ya kumwagika na ya kupima slampu (ulaini wa zege mbichi). Maabara ikikupa kalibu 9 tu, unamwaga mchanganyiko mmoja kwa siku, kesho yake unazitoa na kuzilaza majini, unasafisha, unamwaga mwingine. Hiyo ni siku 5 za kumwaga kama hakuna anayezigombania, na msimu wa miradi ya wanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya kwanza kalibu zinagombaniwa kweli. Kisha siku 90 za kungoja. Kyubu moja ikipasuka kona wakati wa kutolewa, kundi lake linabaki na mbili, na wastani wa mbili hauna nguvu mbele ya mtahini. Mwaga ya nne tangu mwanzo. Kabla ya yote, omba kuona cheti cha kalibresheni cha mashine ya kuponda, kinachothibitisha kwamba inasoma sawasawa. Kimepitwa na muda? Namba zako zote zina swali.

Utafiti wa aina hii unaenea vizuri ndani ya tasnifu ya krediti 60. Haudai njia ya tasnifu tupu, hata kama mada inaonekana kubwa.

Data za taasisi zina ugumu wa aina nyingine. Ukiandika kuhusu visima vya Makutupora, vinavyoilisha Dodoma maji kwa miaka mingi, utahitaji rekodi za mamlaka ya maji ya jiji (DUWASA) na za Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mtanzania anayesoma chuo cha ndani hupewa na chuo chake barua ya kibali cha utafiti. Barua hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya au halmashauri, ndipo taasisi. Ombi linaloandika "naomba data za maji" hukaa mezani, kwa sababu hakuna ofisa anayejua akupe nini. Taja visima, miaka, na vipimo: kina cha maji, kiasi kilichopampwa kwa siku, upitishaji umeme wa maji. Ambatanisha jedwali tupu lenye safu unazotaka kujaziwa. Ofisa anayejaza jedwali hujibu upesi kuliko anayetakiwa kufikiri kwa niaba yako.

Wale wa mawasiliano na mifumo ya kompyuta hawasubiri mvua, lakini data zenye majina au namba za simu za watu zinaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba data iliyoondolewa utambulisho tangu barua ya kwanza.

Mshauri wa masomo na msimamizi

Wanafunzi huwachanganya. Mshauri wa masomo, ambaye mara nyingi ndiye mratibu wa programu, anakulinda usikosee mahitaji ya shahada: krediti, kozi za lazima, tarehe za usajili, kuahirisha. Msimamizi anakulinda usikosee utafiti. Kwenye kozi na tasnifu unaanza na wa kwanza na kukabidhiwa kwa wa pili katikati ya safari, na kwenye makabidhiano hayo ndipo watu hupotea: mshauri anaona umeshamaliza kozi, msimamizi hajateuliwa rasmi, na miezi mitatu inapita bila mtu wa kukupigia simu. Usingoje kuteuliwa. Kufikia katikati ya muhula wa pili uwe umeongea na walimu wawili, na jina moja uwe umelipeleka idarani kwa maandishi.

Kwenye tasnifu tupu msimamizi ndiye kila kitu, kwa hiyo mchunguze kabla hujaomba. Ana wanafunzi wangapi sasa? Sura ya kurasa 20 huirudisha baada ya siku ngapi? Ana safari ndefu au likizo ya utafiti mwaka ujao? Nani atashika nafasi yake akiondoka? Swali la mwisho si la adabu mbaya. Dodoma ni makao makuu ya serikali. Mwalimu huteuliwa jioni na kesho asubuhi anaapishwa, nawe sura yako ya tatu iko kwenye kompyuta yake. Omba msimamizi wa pili tangu mwanzo. Namna ya kuliuliza ipo: "Profesa, ukipata majukumu mengine, ungependa nifanye kazi na nani?" Hakuna atakayekasirika.

Mkishakubaliana, kila baada ya kikao mtumie barua pepe yenye mistari mitatu: tulichokubaliana, nitakacholeta, tarehe. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi hakumbuki alikuambia ubadilishe mbinu, na bila barua hiyo kosa linakuwa lako.

Mambo ya kuuliza nje ya chuo

Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inaanzia kwenye shahada ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wa kazi chini ya uangalizi. Masters, ya njia yoyote, haichukui nafasi ya hiyo miaka ya mafunzo kwa vitendo. Mwenye shahada ya kwanza ya fizikia au sayansi ya kompyuta anayedhani masters ya uhandisi itamfanya asajiliwe aulize Bodi kwa maandishi kabla ya kulipa ada.

Mwajiri wa serikali atataka uwe kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Kwa kozi na tasnifu ambatanisha ratiba ya muhula kwenye ombi la ruhusa. Kwa tasnifu tupu ambatanisha mpango kazi wa miezi, wenye tarehe za kwenda uwandani, la sivyo ruhusa itatolewa kwa maneno na kufutwa kwa maneno.

Ukitaka kubadili njia

Inawezekana, ila upande mmoja ni mwepesi kuliko mwingine. Kutoka tasnifu tupu kwenda kozi, kwa kawaida unasubiri kozi zianze upya mwaka unaofuata, na miezi uliyotumia kwenye propozo hugeuka kuwa sehemu ya tasnifu endapo mada imepunguzwa. Kutoka kozi kwenda tasnifu tupu, krediti za kozi ulizofaulu zinaweza zisihesabiwe popote, na bado utatakiwa kuwa na msimamizi na andiko. Ombi lianzie kwa mratibu, lipite idara, ndaki, hadi ofisi ya masomo ya uzamili. Liwasilishwe kabla ya usajili wa muhula, kwa kuwa ukishasajiliwa na kulipa kwa njia moja, marekebisho ya ada ndiyo yanayochukua muda kuliko uamuzi wenyewe.

Na kwa njia zote mbili, vipo vyuo vinavyotaka taarifa ya nia ya kuwasilisha tasnifu miezi mitatu kabla ya kuiwasilisha, ili watahini wa ndani na wa nje wateuliwe. Iandike siku unapoanza sura ya matokeo. Wengi huikumbuka wakiwa wameshachapa nakala, na muda wao wa usajili ukiisha hapo katikati, wanalipia muhula mzima wa nyongeza kwa ajili ya kusubiri tu.